Msimamizi na Daftari la Siku 21



Kila mara mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu unaposomwa kanisani, sisi makatekista huzungumza juu ya mwenye shamba, ambaye wema wake unatushangaza, na juu ya wafanyakazi wa asubuhi, ambao manung'uniko yao tunayafahamu vizuri kwa kuwa ni yetu pia. Yuko mtu mwingine ambaye mimi, katika miaka yote ya kufundisha, sikuwahi kumtaja. Ni msimamizi. Mwinjili Matayo, katika sura ya 20, anampa nafasi ndogo sana: jioni ilipofika, mwenye shamba alimwagiza awaite wafanyakazi na kuwapa ujira wao, akianzia na wale wa mwisho. Hatuambiwi jina lake, wala alilofikiri juu ya agizo lile la ajabu. Hata hivyo wema wote wa mwenye shamba ulipitia mkononi mwake. Kama angalichelewesha malipo, kama angalikata kidogo kwa kila mmoja, kama angaliwaambia wale wa saa kumi na moja warudi kesho, hakuna mfanyakazi ambaye angaliujua wema wa bwana wake.

Msimamizi huyo yuko kati yetu. Katika migodi na makampuni ya Lualaba tunamwita shefu wa personeli. Vitabu vya siku hizi humwita afisa wa rasilimali watu. Yeye ndiye anayepokea barua za kuomba kazi, anayeandika mikataba, anayehesabu siku na saa, anayetayarisha orodha ya mishahara, anayepeleka majina kwenye Hazina ya Taifa ya Usalama wa Jamii, anayeita mtu ofisini siku ya kuonywa na siku ya kuachishwa. Katika vijiji vilivyo kandokando ya reli, kutoka Mutshatsha hadi Kolwezi, wazazi wengi hawalijui jina la mkurugenzi wa mgodi wowote, lakini jina la shefu wa personeli wanalijua, na nyumba yake pia.

Jambo hili limekuwa zito zaidi katika miaka yetu. Zamani kijana wa huku alitazama reli au Gécamines. Leo anatazama migodi mipya, lakini mara nyingi haingii kwa mlango wa kampuni kubwa. Anaingia kwa mlango wa makampuni ya sutretansi, yaani yale yanayochukua sehemu ya kazi ya mgodi na kuajiri watu kwa jina lao wenyewe. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ, kituo cha msaada wa sheria cha Kolwezi, walichapisha uchunguzi juu ya migodi mitano mikubwa ya eneo letu, wakaona kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa chini ya makampuni ya namna hiyo. Mlango huo ni mwembamba, na mwenye ufunguo ni msimamizi.

Nitawaeleza kisa kimoja, kwa ruhusa ya mwenyewe, bila kumtaja yeye wala kampuni yake.

Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya Kipaimara, alinijia kijana niliyemfundisha darasani alipokuwa mdogo. Sasa ni baba wa watoto watatu na msimamizi wa wafanyakazi katika kampuni moja ya sutretansi. Alisubiri watoto waondoke, akaketi kwenye benchi la mbele, akasema: «Mwalimu, ninalo daftari linalonikosesha usingizi.»

Akanieleza. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba mtu aliyeajiriwa siku kwa siku, akiisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi miwili, akiajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha huhesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Yaani amekuwa mfanyakazi kweli, na hawezi kufukuzwa kama anayefukuza kuku uani. Basi mkubwa wake alikuwa amempa agizo: asiwepo kibarua atakayepita siku 21. Yeye aliandika majina katika daftari na kuchora kistari kwa kila siku. Jina likifikia vistari 21, alimwambia mwenye jina apumzike nyumbani mpaka aitwe, na mahali pake akamweka mwingine. Miezi miwili ikiisha, alimwita tena, na hesabu ikaanza upya. «Mwalimu,» akasema, «wako watu niliowachorea vistari hivyo kwa miaka miwili. Wanafahamu kazi kuliko wenye mikataba. Mmoja aliumia mguu siku ya 19. Je, ninatenda dhambi, au ninafuata sheria?»

Ningependa kuwaambia kwamba nilimjibu kama inavyompasa katekista. Sikumjibu hivyo. Nilimwambia asali sana, akumbuke watoto wake, na kwamba Mungu anaijua mioyo. Akanishukuru kwa heshima, akaenda zake.

Sababu ya jibu langu naijua. Mwaka mmoja kabla ya siku ile nilikwenda nyumbani kwa kijana huyohuyo, jioni, nikiwa na bahasha yenye karatasi za mpwa wangu. Sikumpa fedha. Nilimkumbusha tu kwamba mimi ndimi niliyemfundisha kusoma. Mpwa wangu akapata kazi, na mkataba wa maandishi. Baadaye nilisikia kwamba katika jaribio la kazi lililofanyika wiki ile, kijana mwingine wa jumuiya yetu, mtoto wa mjane, alikuwa amefanya vizuri kuliko wote. Yeye aliingia katika daftari la vistari. Basi ningemjibu nini msimamizi, wakati kalamu ileile iliyomchorea vistari mtoto wa mjane ndiyo iliyomwandikia mpwa wangu mkataba? Kinywa changu kilikuwa kimefungwa na deni.

Nimechukua muda mrefu kutafuta jibu nililopaswa kutoa, na hapa ninaliandika.

Kwanza, mtu asijifiche nyuma ya neno «nimetumwa». Ni kweli kwamba msimamizi hamiliki kampuni, wala si yeye anayepanga bei ya shaba. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba yuko mwajiri anayetia sahihi mkataba, na yako pia madaraka ya mbali zaidi, serikali na masoko ya dunia, ambayo yanambana mwajiri huyo na yana sehemu yao katika lawama. Mafundisho hayo hugawa mzigo kwa haki. Hayamwondolei mzigo yeyote. Anayetia sahihi ametenda. Daftari haliandiki lenyewe.

Pili, tusichanganye sheria na hila. Yule aliyemwachisha kibarua siku ya 21 hakuvunja hata herufi moja ya sheria. Lakini sheria ile iliwekwa ili anayefanya kazi ya kudumu asidanganywe kwa jina la kibarua, na daftari liliwekwa ili adanganywe. Bwana wetu aliwajua vizuri watu wanaochunga herufi huku wakiipita haki. Maandiko yanatufundisha, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, kwamba ujira wa maskini usilale hadi kesho, kwa kuwa roho yake inautegemea. Na Yoshua bin Sira, sura ya 34, anathubutu kumlinganisha anayemnyima mfanyakazi ujira wake na anayemwaga damu. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa inahesabu dhuluma kwa mfanyakazi kati ya dhambi zinazolia hadi mbinguni. Na ujira ni zaidi ya fedha za siku. Ujira ni pamoja na matibabu mguu unapovunjika, na jina lililoandikwa mahali ambapo mzee atalikuta siku atakapoacha kazi.

Nchi yetu inapaswa kulifahamu jambo hili kuliko nyingine. Kwa Kifaransa cha ofisi za zamani, wafanyakazi waliitwa kwa neno lenye maana ya mikono ya kazi. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni na makampuni walianzisha Bursi ya Kazi ya Katanga ili kutafuta mikono hiyo vijijini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilibadili njia: ikawapa watu mikataba ya miaka mitatu, ikakaribisha wake na watoto kambini, ikajenga zahanati na shule. Wazee wetu wengi wanazikumbuka siku zile kwa sifa, na Kanisa letu lilikuwa ndani yake, kwa sababu wamisionari ndio waliosimamia shule za kambi. Lakini tukumbuke pia kwamba kampuni ilikuwa imefanya hesabu, ikaona kuwa mtu aliyetulia na familia yake hufanya kazi vizuri na kwa muda mrefu. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wake walipogoma wakidai nyongeza ya mshahara, wengi walipigwa risasi na kuuawa huko Lubumbashi. Utunzaji unaotegemea hesabu hukoma pale hesabu inapobadilika. Na wale walioondoka Gécamines katika mpango wa mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000, wanajua jinsi maisha yote ya kazi yanavyoweza kufungwa kwa karatasi moja ya hesabu ya mwisho.

Je, msimamizi Mkristu afanye nini basi? Ninaona kazi yake ina nyakati nne, na kila wakati una wajibu wake.

Wakati wa kuita. Nafasi ya kazi itangazwe mahali ambapo hata mtoto wa mjane ataiona: kwenye Ofisi ya Taifa ya Ajira, ukutani pa makao ya mtaa na ya kijiji, si katika simu za wachache. Jaribio liwe moja kwa wote, na matokeo yabandikwe. Na anayedai mshahara wa mwezi wa kwanza ili kumpa mtu kazi ajue kwamba ameuza kitu kisicho chake.

Wakati wa kuandika. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nakala ya mkataba siku mbili za kazi, walau, kabla ya kutia sahihi. Ni nani kati ya watoto wetu aliyezipata siku hizo mbili? Wengi hupewa kalamu mlangoni, na maandishi ni ya Kifaransa wasichokielewa. Msimamizi anaweza, bila kugharimu kampuni hata faranga moja, kuwasomea maneno yale kwa Kiswahili na kuwaacha waulize. Tena awajulishe kwamba mkataba usioandikwa huhesabiwa na sheria kuwa usio na kikomo, hadi kinyume chake kithibitishwe.

Wakati wa kulipa. Hapa ndipo penye msimamizi wa Injili. Saa za ziada zihesabiwe zote. Michango ya usalama wa jamii iliyokatwa kwenye mshahara ifike ilikopelekwa. Mama aliyejifungua apewe wiki zake 14 bila kutishiwa nafasi yake.

Wakati wa kuachisha. Sheria inataka sababu ya kweli: uwezo wa mtu, mwenendo wake, au mahitaji ya kazi yenyewe. Haki ya Mungu inataka zaidi kidogo: asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, na asiisikie habari yake kwa mlinzi wa lango anapokatazwa kuingia.

Najua nitajibiwa. Rafiki yangu mmoja, mhasibu, ameniambia: «Katekista, wewe unaandika kana kwamba kampuni ni shirika la huruma. Kampuni ndogo hulipwa na mgodi kwa miezi mitatu mitatu. Ikiwapa wote mikataba itafunga, na hata hizo siku 21 zitapotea.» Neno lake lina ukweli, wala sitalidharau. Msimamizi anadaiwa uaminifu na mwajiri pia. Asiingize katika orodha majina ya watu wasiokuwapo. Asimfiche mwizi kwa sababu ni wa kabila lake. Asimpe mashine nzito mtu asiyeijua kwa sababu ni shemeji yake, kwa maana siku ya ajali watakaokufa si wao wawili tu. Kazi isipokuwapo, iachwe kwa uwazi na kwa sababu iliyoandikwa. Lakini kazi ilipokuwapo kwa miaka miwili bila kukatika, ikafanywa na watu walewale, haiwezekani kusema haipo. Kampuni inayoweza kuishi tu kwa kuwadanganya watu wake inaishi kwa mkopo, na mkopo huo analipa kibarua. Anayeijua hesabu hiyo kuliko wote ni msimamizi, na kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kupaswa kumwambia mkubwa wake ukweli.

Kumwambia ukweli mkubwa kuna gharama. Kanisa la Kongo limetupa mashahidi wawili walei wanaotufaa katika jambo hili. Mwenye Heri Isidori Bakanja, katekista wa marafiki zake, alikuwa kibarua wa kampuni ya Wabelgiji. Msimamizi wa shamba la mpira alimpiga kwa sababu ya skapulari yake, akafa kwa majeraha tarehe 15 Agosti 1909. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alikuwa upande wa pili wa meza: mtumishi wa Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi huko Goma, kijana wa miaka 26, mwenye sahihi iliyoweza kuruhusu au kuzuia mizigo. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiingie kwa watu, akauawa Julai 2007. Alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Mmoja anatuonyesha mateso ya wafanyakazi pale msimamizi anapokosa dhamiri. Mwingine anatuonyesha kwamba hata karani, kwa mhuri wake na kalamu yake, anaweza kuwa mtakatifu.

Simwambii kila baba wa familia aitafute gharama ya Floribert. Kuna hatua kabla ya hapo, na baada ya wiki tatu nilirudi kwa kijana yule kumwambia moja. Nilimwomba radhi kwanza kwa bahasha yangu. Kisha nikamwambia: «Mwanangu, swali uliloniuliza kwenye benchi, ndiyo, ni dhambi, na si yako peke yako. Andika. Mwandikie mkubwa wako ukurasa mmoja, kwa heshima: sheria inasemaje, ni watu wangapi wamefanya kazi ya kudumu kwa jina la vibarua, mkaguzi wa kazi akija itakuwaje, na ni njia gani ya kuanza kuwaandikia mkataba watu wachache kwa kila mwezi. Kushauri hivyo ndiyo kazi unayolipwa.» Aliandika. Alijibiwa kwa mdomo kwamba asirudie kuandika. Mwezi uliofuata vibarua wanne walipewa mikataba bila maelezo yoyote. Wengine bado. Yeye bado yuko kazini, wala hajui hadi lini.

Sasa neno langu la mwisho ni kwetu sisi, tulio nje ya ofisi hiyo. Tunamlaumu shefu wa personeli kwa upendeleo, na jioni tunagonga mlango wake. Tunamletea kuku, tunamkumbusha ubatizo aliosimamiwa na kaka yetu, tunatafuta kwake kile ambacho watu wa mjini hukiita mwavuli. Akikataa, tunasema amesahau kwao. Kwa namna hiyo tunamfundisha kwamba kazi ni zawadi ya mkubwa, kisha tunashangaa anapoitoa na kuinyang'anya kama zawadi. Katiba ya nchi yetu, katika kifungu cha 36, inaita kazi haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani. Kitu kitakatifu hakiombwi gizani kwa bahasha.

Ninapendekeza basi kwa jumuiya zetu hai za msingi mambo matatu tunayoyaweza bila fedha. Tukatae kuandika barua za kupendekeza majina, hata kwa mihuri ya vikundi vyetu. Badala yake tuwasaidie vijana wote kutayarisha karatasi zao na kujiandaa kwa majaribio. Tuwe na mtu mmoja katika kila jumuiya anayeweza kumsomea mwenzake mkataba. Na wale wanaofanya kazi ya usimamizi tuwakutanishe, walau mara moja kwa mwaka, karibu na tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ili waseme mbele ya wenzao yale wasiyoweza kuyasema ofisini. Mtu akiwa peke yake na daftari kama lile, si rahisi ashinde.

Mpwa wangu bado anafanya kazi, na anaifanya vizuri. Mtoto wa mjane si mmoja wa wale wanne. Nilikwenda kwa mama yake nikamweleza nilichofanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti, akaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo, mfano wa shamba la mizabibu unaposomwa, ninawaambia watoto wa katekisimu kwamba ndani yake yumo pia msimamizi, na kwamba jua bado halijatua.